Nani Aliuokoa Mkono wa Kabula

Sogeeni karibu. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii mwishoni inataka mseme, na mdomo uliojaa hauamui kesi.

Palikuwa na shamba la mkonge liitwalo Kwekigogo. Shambani humo walikutana watu wanne kutoka pande nne za nchi, na kila mmoja alikuja na kitu chake ambacho karani hakukiandika kwenye kadi ya kazi.

Kihwele, Mhehe, alikuja na ulimi. Ulimi ule ulikuwa unamchekesha mfiwa matangani, na mfiwa akishacheka anamshukuru.

Bukuru, Muha, alikuja na masikio. Akiegemea nguzo ya nyumba yako alisikia mchwa wanatafuna ndani, akakuambia hii itaanguka kabla ya ile.

Chilumba, Mmakonde, mzee kuliko wote, alikuja na mikono. Msidhani alikuwa mchonga vinyago. Kwao alitega mitego ya ndezi na ya nguruwe waharibifu, na mtego, wajukuu zangu, ni kitu kinachojua lini kishike na lini kiachie.

Wa nne alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi. Yeye alikuja na woga.

Msicheke. Woga wa Nyamizi haukuwa wa kuazima. Banda walilofanyia kazi liliitwa banda la brashi. Singa za mkonge zikishakaushwa juani, huletwa pale zisafishwe na mashine: pipa kubwa la chuma lenye meno, linazunguka mpaka hulioni linazunguka. Unashika fungu la singa mwisho mmoja, mwisho mwingine unaulisha yale meno, yanachana, unavuta, unageuza. Singa zikikupenda, zinarudi kwako nyeupe kama mvi. Zisipokupenda zinakuzunguka kifundo cha mkono, na hapo unayevutwa ni wewe.

Mashine hiyo wafanyakazi waliiita Fisi.

Fisi huyo ndiye aliyekula mkono wa Mihambo, mume wa Nyamizi. Na alikula vibaya, kwa sababu Mihambo hakuwa mzembe. Mihambo alikuwa ameona hatari, akapigilia ubao mbele ya yale meno uwe kizuizi. Msimamizi wa wakati huo, ambaye watu walimwita Bwana Kimya kwa kuwa ndilo neno lake la asubuhi na jioni, akaja akauona ubao.

"Nani fundi hapa?"

"Bwana, nilifikiri tu—"

"Kimya! Umeajiriwa kufikiri? Ng'oa."

"Basi tuizime kwanza, bwana."

"Mashine haizimwi bila ruhusa yangu. Ng'oa!"

Mihambo aling'oa, Fisi anazunguka. Ubao ulitoka, na mkono haukutoka. Alirudi kwao Uyui, hakumaliza mwaka. Nyamizi akabaki na binti yao, Kabula. Kabula alipokua, kazi iliyokuwepo ilikuwa ile ile, na banda lilikuwa lile lile. Akasimama mbele ya meno yale yale.

Kabula huyo alikuwa msusi. Siku za mapumziko kambi nzima ilimletea vichwa, akasuka twende kilioni, akasuka yebo yebo, vidole vinakwenda kama vinaongea. Kila jioni, kazi ikiisha, mama yake alimshika mikono yote miwili akaiangalia.

"Mama, umeanza tena."

"Nyoosha."

"Kumi, mama. Vyote kumi."

"Haya. Kumi."

Ndipo Nyamizi alipoweza kumeza chakula.

Bwana Kimya alipoondoka, akaja msimamizi mpya, Mngoni, Bwana Gama. Siku ya kwanza akawakusanya watu wote mbele ya banda.

"Jamani, mashine hii imekula wangapi?"

Kimya.

"Nani ana wazo la kuizuia? Semeni. Mimi siumi."

Kimya. Hata kuku waliokuwa wakipekua pale wakaacha kupekua. Nyamizi aliangalia miguu ya yule bwana, viatu vyake vyeusi, akasema moyoni: hata yule wa kwanza hakung'ata, aliyeng'ata ni mashine yake.

"Basi sikilizeni," akasema Gama. "Mtunza bustani ya miche anastaafu. Kule kuna kivuli, kuna maji, kuna nyumba ndogo na geti lenye ufunguo. Nafasi ni moja. Atakayemfunga Fisi mdomo, ufunguo ule ni wake, na akipenda amweke mtoto wake au ndugu yake. Naapa mbele yenu."

Nyamizi akaushika ukuta. Bustani ya miche! Kule hakuna chuma. Angemweka Kabula kule, akafa amelala. Lakini mdomo wake haukufunguka. Wala wa mtu mwingine.

Gama alirudi ofisini akaketi, akajiuliza kosa lake nini. Haikumchukua muda akaona kwamba amepiga hodi moja kwenye milango isiyofanana.

Mlango wa kwanza ulifunguka wenyewe. Mnajua Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Na mtani hakasirikiwi; ukimkasirikia mtani wako, aibu ni yako wewe. Basi mchana mmoja Gama akapita bandani, Kihwele akamwona.

"Angalieni Mngoni! Anatangaza vita amekaa kwenye kiti."

Watu wakainamisha vichwa.

Gama akasimama. "Mhehe, wewe nyamaza. Babu yako alimwachia babu yangu ngao, akakimbia na mpini."

"Alikimbia kwa kuwa alikuwa na akili! Wako alibaki na ngao, hakujua kazi yake, akapepetea ulezi."

Watu wakaanza kucheka kwa pua. Kihwele hakuacha.

"Na wewe mjukuu wake, swichi ya Fisi umeifungia ofisini mwako kama bibi kizee aliyeficha sukari chini ya kitanda. Fisi akishika mtu, tufanyeje? Tuje tubishe hodi? 'Hodi, bwana, mwenzetu analiwa, tunaomba ruhusa.' Na kama uko chooni? 'Bwana, ukishamaliza haja yako...'"

Kicheko kilipasuka, kisha kikakatika ghafla kama kimekatwa na panga, maana kila mtu alikumbuka Mihambo. Kihwele mwenyewe akarudi kwenye singa zake. Alikuwa amesema utani, na kila neno lilikuwa kweli.

Gama aligeuka. Alikwenda ofisini. Nyamizi alisema moyoni, sasa huyu Mhehe anafungasha. Gama akarudi ameshika kibao cha Bwana Kimya kilichokuwa ukutani, kimeandikwa KUZIMA KWA RUHUSA TU, akakivunja kwa goti mbele yao.

"Kuanzia leo swichi inahamia mlangoni mwa banda, mwenye kuogopa azime. Asiulize mtu. Mhehe, umenipiga, lakini babu yako bado alikimbia."

Hiyo ilikuwa kazi ya ulimi.

Mlango wa pili haukufunguka kwa utani. Bukuru alilelewa kwamba mdogo hasemi mkubwa akiwepo, na pale bandani alikuwepo mzee Chilumba, ambaye hakusema kamwe. Basi zamu ya Bukuru isingefika mpaka kiama. Gama akaanza kumtembelea nyumbani siku za Jumapili. Hakuuliza kitu. Waliketi wakamenya maharage. Jumapili ya kwanza walimenya. Jumapili ya pili walimenya. Ya tatu, bakuli limejaa, Bukuru akasema polepole, macho kwenye maharage:

"Fisi anakohoa."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kula."

Gama alisema baadaye kwamba vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni. Singa zilizokatika zilikuwa zinajiviringa kwenye mhimili, kule ndani msikoona. Zikijaa, mashine inasita kidogo, koh, halafu inarukia. Miaka yote ile Bukuru alikuwa akisikia kikohozi kile, akirudi nyuma hatua moja, akitazama nani ataliwa. Hakumwambia mtu. Jinsi alivyoishi na jambo hilo, Mungu anajua. Gama akatundika kipande cha reli kando yake, akampa nyundo. "Ukisikia, piga."

Hiyo ilikuwa kazi ya masikio.

Mlango wa tatu ulikuwa wa mzee Chilumba. Huyo ukimuuliza una mpango gani, alijibu, "Mti haujaniambia." Ukimsimamia, aliweka kisu chini. Gama akampa mbao, akampa kona nyuma ya ghala, akaning'iniza gunia liwe pazia, akakataza mtu kuchungulia. Mzee alitoka na kibano: vijiti viwili na ukanda wa ngozi, unashikia singa kwacho badala ya kuzishika kwa mkono. Cha kwanza kilivunjika, kipande kikapita karibu na sikio la Kihwele. Cha pili kilisugua meno ya Fisi mpaka kikatoa moshi, na moshi katika banda la singa ni mauti. Watu walikimbia wanapiga mayowe, Nyamizi akimkokota Kabula kwa nguo. Kazi ilisimama siku nzima.

Mzee alikaa chini, akangoja kufukuzwa. Gama akaokota vile vibovu viwili, akavitundika ukutani ofisini, pale kilipokuwa kile kibao.

"Mzee, cha tatu nikitundike wapi?"

Chilumba akamtazama sana. "Cha tatu hutakitundika."

Kweli. Cha tatu kilikuwa mtego uliogeuzwa. Ukikivuta kwa nguvu ya mtu kinashika. Kikivutwa kwa nguvu ya chuma kinaachia.

Hiyo ilikuwa kazi ya mikono.

Ukabaki mlango wa nne, na Gama hakujua kama kuna mlango. Alimkuta Nyamizi nje, anaanika singa, akamwamkia kwa heshima kama mama yake.

"Mama, shikamoo. Wewe umekaa hapa kuliko wote. Umeona nini?"

"Marahaba, baba. Sijaona kitu. Mimi naogopa tu."

Mwingine angesema pole mama, akaenda zake. Gama akauliza, "Unaogopa wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Mle bandani. Kila mahali sawasawa?"

Nyamizi akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza woga wake unakaa wapi. "Hapana," akasema. "Si sawasawa."

"Nionyeshe."

Fisi alikuwa amezimwa kwa chakula cha mchana. Nyamizi akaingia na majivu kwenye kibati, akatembea. Pale miguu ilipokwenda vizuri alipita. Pale ilipokataa, alimwaga majivu. Mbele ya meno ilikataa kidogo tu, na watu wakashangaa. Ilikataa kabisa upande wa kushoto, hatua mbili nyuma ya mlishaji, mahali patupu pasipo na kitu.

"Hapa?" Gama akauliza. "Hapa hakuna mashine."

"Hapa ndipo nilipokuwa nimesimama siku ya Mihambo," Nyamizi akasema. "Nilikuwa karibu kiasi cha kumwona usoni. Mikononi sikuwa na kitu cha kuvuta."

Gama akavua kofia. Kesho yake fundi wa umeme alileta kamba kutoka kwenye swichi, akaipitisha juu ya boriti, akaishusha pale pale kwenye majivu; ukiivuta, Fisi anazimika. Nyamizi akaombwa asimame hapo.

Hiyo ilikuwa kazi ya woga.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Ilikuwa asubuhi, masika, singa hazikukauka sawasawa, nzito na zenye kunata. Kabula alikuwa analisha. Kihwele alikuwa akimtania juu ya mchumba wake, kwamba mahari ataleta sungura. Kabula akacheka. Nyamizi alitazama kicheko kile, na miguu yake ikaanza kukataa ingawa alikuwa amesimama.

Kamba ilikuwa mbele ya uso wake. Hakuishika. Mtu haoni haya kuzima mashine kwa sababu ya miguu?

Koh.

Hakukisikia. Alichosikia ni reli: nge! nge! nge! Bukuru anapiga kama mtu anayeunguliwa nyumba. Kabula akajitupa nyuma. Fisi alikuwa ameshashika. Kibano kikavutwa, kikaachia, fungu zima likamezwa bila mkono. Lakini ule mkia wa singa mbichi ukaruka hewani kama nyoka, ukamzunguka Kabula kifundo, mara moja, mara mbili.

"Mama!"

Zamani Nyamizi angekimbilia ofisini. Miguu yake ilikumbuka njia ile, hata ikageuka nusu. Kisha ikakumbuka kibao kilichovunjwa kwa goti. Akaruka, akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote.

Fisi akalia. Akapunguza. Akaendelea kuzunguka, maana chuma hakisimami upesi kama mtu, na Kabula anaburutwa, visigino vinachora sakafu. Hatua. Nusu hatua. Shibiri.

Akasimama.

Kati ya vidole vya Kabula na jino la kwanza mngeweza kupitisha mkono wa mtoto mchanga, basi.

Chilumba alikuja na kisu chake akakata singa moja moja, taratibu. Nyamizi alikuwa bado ananing'inia. Ilibidi Kihwele amfungue vidole kwenye kamba, na safari hii hakuwa na utani.

"Nyoosha," Nyamizi akasema.

Kabula alinyoosha. Mama yake akahesabu, akapotea, akaanza upya.

Siku ya tatu Gama akawaita mbele ya banda, ufunguo wa bustani kiganjani.

"Niliapa," akasema. "Niambieni nimpe nani."

Watu wakaanza. "Mpe Bukuru! Asingepiga reli, binti asingejitupa nyuma." "Wacha wee, na kibano? Kisingeachia, angekwenda na fungu lake. Mpe mzee." "Kamba je? Ingekuwa mlangoni, mngekuwa matangani. Mpe mama." "Na ruhusa? Mihambo naye alikuwa na watu karibu. Aliuawa na lile neno ruhusa, na Kihwele ndiye aliyeliua neno. Mpe Mhehe."

Akasimama mwanamke mmoja wa kuanika, akasema, "Mbona mnamsahau aliyeuliza? Hawa wanne walikuwepo siku zote. Masikio yalikuwepo, na watu waliliwa. Ufunguo abaki nao Bwana Gama mwenyewe."

"Aliyeuliza hakutoa jasho," mwingine akajibu.

Gama akawatazama wale wanne. Kihwele akasema, "Mngoni, mimi niliropoka tu, mpe mzee." Chilumba akatikisa kichwa kuelekea kwa Bukuru. Bukuru alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema, mbele ya watu na mbele ya wakubwa:

"Mimi nilisikia miaka sita nikanyamaza. Mtu kama mimi hapewi." Akameza mate. "Lakini ukimpa mmoja, bwana, wale watatu watarudi kunyamaza. Najua. Kunyamaza ninakujua. Na usipompa mtu, utakuwa umeapa uongo, na sote tutanyamaza."

Ufunguo ukaendelea kung'aa kiganjani. Ukiukata vipande vinne haufungui geti.

"Mama Kabula?" Gama akauliza. "Wewe unasemaje?"

Nyamizi alikuwa anautaka. Aliutaka ufunguo ule kuliko alivyotaka uzima wake. Kabula alikuwa ubavuni pake, mkono umefungwa kitambaa pale singa zilipochuna ngozi, na kesho asubuhi angesimama tena mbele ya meno. Mguu wa kulia wa Nyamizi ukainuka kwenda mbele.

Ukakataa.

Akauinua tena. Ukakataa tena, vile vile ulivyokataa siku ya majivu. Hapakuwa na mashine pale. Palikuwa na kiganja cha mtu na kipande cha chuma. Na watu wote waliokuwa pale walijua kwamba Nyamizi anapoogopa, pana kitu. Wakarudi nyuma hatua moja.

Ndani ya banda, ambako Fisi alikuwa akizunguka mtupu, kikasikika: koh.

Kabula akatia mkono wake mzima ndani ya mkono wa mama yake. "Kumi," akamnong'oneza. "Bado kumi, mama."

Gama hajafumba kiganja mpaka hivi ninavyowaambia. Anawangoja ninyi. Ulimi ulioua neno, masikio yaliyosikia kabla, mikono iliyotega mtego wa kuachia, woga uliojua mahali pa kamba, na yule aliyebisha hodi kila mlango kwa namna yake: ufunguo ni mmoja, na kesho asubuhi Kabula anaingia kazini.

Haya, wewe uliyemaliza karanga, anza wewe. Ungemwekea nani mkononi?